Binti Aliyepiga Selo kwa Mnong'ono

Majirani walimwita Jeneza, na jina likamkaa. Ungekutana naye ngazini, lile sanduku jeusi mgongoni limempita kichwa kwa urefu, nawe ungeuliza kama walivyouliza wao kila siku ya Mungu: "Leo unamzika nani?" Naye, bila kugeuka, angejibu: "Wewe, ukizidi kuniziba njia."

Ndani ya sanduku mlikuwa na selo, ile fidla kubwa inayobanwa kati ya magoti na kupigwa kwa upinde. Ilikuwa mali ya shule. Mwalimu wa muziki alimpa akiwa na miaka kumi na miwili, baada ya kumsikia akiimba, neno kwa neno, wimbo aliousikia mara moja tu. "Ichukue nyumbani," alimwambia. "Humu stoo wanaoifaidi ni panya."

Nyumbani kwenyewe kulikuwa na chumba kimoja, pazia katikati. Nyuma ya pazia alilala mama. Mama alikuwa mfuaji wa hospitali, zamu ya usiku. Aliingia asubuhi mikono imechunika kwa maji na dawa, akanywa chai akiwa amesimama, kisha akalala mpaka jioni. Mtoto akirudi kutoka shule humkuta yumo kwenye usingizi wa pono. Sasa afanyeje? Mwalimu akampa kibano cha mpira, kidude kidogo tu cha kubana kile kijibao kinachoinua nyuzi. Ukikiweka, sauti ya selo inafifia, unabaki mnong'ono usiofika hata mlangoni.

Miaka minane akapiga hivyo. Mama akiamka humkuta anafuta upinde.

"Umeshafanya mazoezi?"

"Nimeshamaliza, mama."

"Mbona sijasikia kitu? Chombo chako hicho kina adabu kweli."

Na alikuwa akijigamba kwa majirani, masikini, kwamba binti yake amechagua muziki wa watu watulivu, si hayo matarumbeta ya kupasua watu vichwa. Binti hakumsahihisha. Lakini alitamani mama amsikie, alitamani mpaka kifua kikamuuma. Siku ya mapumziko ya mama ilikuwa moja kwa wiki, nayo pia aliilala. Mara kadhaa binti alikitoa kibano, akauweka upinde juu ya uzi, akachungulia upande wa pili wa pazia. Akauona ule mkono uliochunika unaning'inia nje ya kitanda. Akakirudisha kibano.

Alipotimiza miaka ishirini akaenda kujaribiwa kwenye okestra kubwa ya mjini. Waamuzi wa huko hukaa upande mmoja wa pazia na mpigaji upande wa pili, wasimjue ni nani, wasije wakampendelea. Akaketi, akapiga kwa roho yake yote, macho ameyafumba. Alipomaliza, mtu akakohoa, kisha sauti ya mzee, ya upole sana, ikasema: "Mwanangu, umesahau kukitoa."

Kibano kilikuwa palepale kilipozoea kukaa. Mazoea yana taabu, walisema waliotutangulia, nao hawakukosea. Muda wake ulikuwa umekwisha, na mwingine alikuwa anasubiri mlangoni.

Alilia siku mbili. Mwaka mzima uliofuata alifundisha watoto wasiotaka kufundishwa, akapiga kwenye harusi ambako aliambiwa asogeze kiti mpiga picha apite. Kisha akarudi kwa waamuzi, akajikagua mara tatu, akapata kiti cha mwisho kabisa, nyuma ya wote.

Kipaji alikuwa nacho, hilo halikuwa na ubishi. Ila kiongozi wa okestra, mtu mkavu asiyecheka hata kwa dawa, alimlalamikia jambo lilelile kila siku: "Unapiga kana kwamba kuna mtu unamwogopa." Siku moja akamwita pembeni. "Jumamosi alasiri nakupa dakika sita za peke yako. Ukininong'onezea tena, nitatafuta mwingine wa kile kiti."

"Nitakuja," mama alisema aliposikia. "Hata iweje."

Na alikuja. Mwenzake wa zamu hakutokea kazini, kwa hiyo alifua mpaka saa sita mchana, akaja moja kwa moja na viatu vya kazini, akaketi safu ya tatu. Kiongozi alipoinua kifimbo chake, mama alikuwa amelala fofofo, kidevu kifuani, mkoba mapajani.

Binti alimwona. Akaanza, na mkono wenyewe ukaenda ulikozoea: polepole, polepole, mama amelala. Kiongozi akamkazia macho. Hapo ndipo hasira ilipompanda, hasira asiyojua anamkasirikia nani, ile hospitali, zile zamu, au yeye mwenyewe. Hapana, mama. Leo hulali. Akaukandamiza upinde juu ya nyuzi kwa nguvu zote, na selo ikapaza sauti, ukumbi mzima ukajaa.

Mama akashtuka, mkoba ukaanguka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama hadi darini, anatafuta inatoka wapi. Kisha akatazama jukwaani. Akasimama.

"Mama, keti tafadhali, hatuoni," mtu wa nyuma akanong'ona.

Hakuketi mpaka mwisho.

Walikutana ukumbini watu wakiwa wameshatoka. Binti alikuwa anatabasamu, anangoja sifa zake.

"Ndiyo sauti yake hiyo?" mama aliuliza. "Miaka yote?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nipo hapohapo nyuma ya pazia?"

"Ulikuwa umechoka."

Mama akamshika mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hayakuwa ya furaha peke yake.

"Ungeniamsha," alisema. "Hata siku moja tu, mwanangu. Ungeniamsha."