Siku niliyompa mzee mkono nikiwa na bunduki, Voi

Wakuu, nawasalimu wote, wanaochangia na wale wanaosoma kimya kimya bila kujiunga.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Majina nimebadilisha kwa sababu wengine bado wako hai na wajukuu wao wamo humu. Mengine yote ni vile yalivyokuwa.

Kilichonisukuma ni picha. Siku hizi vijana wanaenda shooting range, viwanja vya kulengea shabaha, kama wanavyoenda kuogelea. Wiki jana mpwa wangu alinitumia yake: bastola imemwelekea anayepiga picha, kidole kiko kwenye triga, na wote wanacheka.

Nikaona heri niandike uzi nimtumie link.

Sasa twende.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza Form Four na miguu yangu haikutulia mahali. Nilikata mkonge, nikauza vitunguu soko la Taveta, nikachunga ng'ombe za mtu kule Salaita. Kila mahali nilikaa miezi michache, kisha nikafunga begi.

Kwetu ni Werugha, juu milimani. Mama alikuwa ameshaacha kuuliza niko wapi. Alikuwa anauliza tu nitarudi lini.

Wakati huo majangili walikuwa wamezidi kwenye ranchi za huku chini. Ranchi moja karibu na Voi ikatangaza inatafuta walinzi wa wanyama, watu watano. Mwenyekiti wa kamati ya ranchi alikuwa Mzee Mwadime, mtu wa kijijini kwetu, jirani wa baba kabla baba hajafariki. Yeye ndiye aliyeandika jina langu kwenye orodha.

Masharti yalikuwa mawili. Kwanza ufundishwe bunduki wiki tatu na mwalimu akupe barua kwamba umefaa. Pili, Mzee Mwadime aweke sahihi kwenye barua hiyo. Ukikosa moja, rudi kwenu.

Wakuu, hiyo kazi niliitaka kuliko kitu chochote. Kazi ya kutembea porini kutwa nzima, na hakuna mtu anayekuuliza kwa nini hutulii! Niliona kama imekatwa na fundi kwa vipimo vyangu.

Range yenyewe ilikuwa nje ya mji kidogo. Msifikirie majengo yenye viyoyozi. Ilikuwa tuta kubwa la udongo mwekundu, mbao za shabaha zimesimamishwa mbele yake, mlingoti wa bendera nyekundu inayopandishwa watu wakipiga, na kamba ya katani imelazwa chini. Kwenye kamba hiyo ndipo unaposimama kupiga. Siku za wiki ilikuwa yetu sisi makuruta. Jumamosi walikuja pia raia wenye leseni, wenye mashamba na wafanyabiashara wa Voi, na wengi wao walikuwa wapya kama sisi.

Mwalimu wetu aliitwa Sajini Mutua, mwanajeshi mstaafu, Mkamba mfupi mwenye sauti ndogo. Hakupiga kelele hata siku moja. Alikuwa anakusogelea sikioni na kusema jambo lake taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

Siku tano za kwanza hatukuona risasi. Tulishika bunduki tupu, zile .303 za zamani zenye bolti ya kuvuta kwa mkono. Alikuwa anaweka ganda la risasi juu ya mtutu, unabonyeza triga, na ganda lisianguke. Likianguka, unaanza upya.

Sheria zake zilikuwa chache na alizirudia mpaka tukawa tunaziota. Mdomo wa bunduki unatazama tuta, hautazami kitu kingine duniani. Kidole kiko nje mpaka niseme. Ukisikia "simama", bolti nyuma, hata kama ulikuwa umeshalenga.

(Kidogo tu nje ya mada. Kuna asubuhi ndovu sita walikuja wakasimama kati yetu na tuta, wekundu kwa vumbi, wanajikuna kwenye mbao zetu za shabaha. Mwakio, kijana wa Chawia aliyekuwa mcheshi wetu, akauliza, "Afande, tuwafukuze?" Sajini akakaa chini akafungua chupa yake ya chai. "Waache. Hao ndio wenyeji." Tulikaa karibu saa mbili. Mpaka leo nikipita barabara ya Voi na kuona ndovu, nawakumbuka wale.)

Turudi.

Jumamosi ya kwanza tulianza kupiga tukiwa wima. Tulikuwa watano kwenye kamba. Amri ikatoka tuweke risasi. Nikaweka, nikafunga bolti, nikasubiri neno la kupiga. Lakini Sajini akaona Mwakio amesimama vibaya, akaenda mwisho wa mstari kumrekebisha miguu.

Hapo ndipo nikasikia nyuma yangu, "Mwana wa Mghanga! Hujambo?"

Ilikuwa sauti ya Mzee Mwadime. Amekuja kuona vijana wake, amevaa koti na kofia, ametembea moja kwa moja mpaka kwenye kamba.

Sasa nyinyi mliolelewa kule kwetu mnajua. Mzee akikuita kwa jina la baba yako, humjibu ukiwa umempa mgongo. Unageuka mwili mzima, unainama kidogo, unampa mkono wa kulia. Nimefanya hivyo tangu nijue kutembea. Sikuwaza. Mwili wenyewe ulifanya.

Bunduki ikahamia mkono wa kushoto. Nikageuka. Mtutu ukapita kwenye tumbo la kijana wa pembeni yangu, ukapita kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi, ukaja kutulia kifuani kwa Mzee Mwadime, kwenye vifungo vya koti.

Mimi natabasamu. "Sijambo mzee, shikamoo."

Na yeye anatabasamu. Tumeshikana mikono.

Sijui Sajini alifikaje pale. Niliona tu mkono wake umeinua mtutu juu, taratibu, kama mtu anayemwinua mtoto. Akaichukua bunduki, akavuta bolti. Risasi ikaruka ikaanguka vumbini kati ya kiatu changu na kiatu cha mzee.

Mzee Mwadime ndiye aliyecheka kwanza. "Aa, Sajini, mwache. Kijana ana adabu huyu. Baba yake alikuwa hivyo hivyo."

"Adabu yake ingekuzika leo, mzee," Sajini akamjibu kwa ile sauti yake ndogo. Kisha akanigeukia. "Ondoka kwenye mstari wangu. Usirudi."

Nikaondoka. Nilifika mpaka barabarani nikaketi juu ya jiwe.

Mzee alinifuata akanishika bega. "Usijali. Mimi ndiye mwenyekiti. Nitamwambia aandike barua. Hawezi kunikatalia."

Wakuu, nikiri. Kwa dakika kama tano nilifurahi. Nilikuwa nimepata kazi bila kupiga hata risasi moja.

Lakini kila nikifumba macho naona vile vifungo vya koti. Nikajiuliza nitakwendaje porini na wenzangu wanne, nikitembea nyuma yao na bunduki, na mimi mwenyewe siuamini mwili wangu. Nikamwambia, "Mzee, asante. Niache kwanza nizungumze naye."

Hakupenda. Niliona.

Jumatatu alfajiri nilikuwa nimeshasimama chini ya bendera kabla Sajini hajafika.

"Nilisema usirudi."

"Ndiyo, afande. Lakini sitaki barua ya kupewa. Nataka unifundishe."

Akaweka chini chupa yake ya chai. "Shida yako unaijua?"

"Niligeuka na bunduki."

"Hapana. Shida yako ni kwamba hujui kuwa mkosa adabu. Hapa kwenye kamba, aliye nyuma yako hayupo. Hata awe chifu. Hata awe mama yako." Akanipa kitambaa chekundu. "Bunduki hushiki mpaka nione umeweza. Utakaa nyuma ya mstari. Anayekuja, wewe ndiye unamsimamisha."

Hivyo ndivyo nilivyokaa wiki nzima bila kugusa bunduki. Mwakio alinibatiza jina Askofu, kwa vile nilikuwa natoa mkono kwa waumini. Kila asubuhi: "Askofu, leo utabariki wangapi?" Nilikasirika siku ya kwanza, ya pili nikacheka, ya tatu nikapata wazo.

Nilikusanya mawe, nikayapanga hatua ishirini nyuma ya kamba, nikayapaka chokaa. Nikamwambia Sajini, "Afande, watu wetu huwezi kuwaambia wasisalimiane. Hawataweza, hata mimi sikuweza. Basi wasalimiane hapa kwenye mawe, mikono ikiwa mitupu. Wakivuka hapa, salamu zimekwisha."

Hakunisifu. Alisogeza jiwe moja kwa ncha ya kiatu likanyooka, akaondoka. Kesho yake nilimsikia akiwafundisha wengine hivyo hivyo, kama vile ni sheria ya jeshi.

Jumamosi ya pili ikaja. Raia walikuwa saba, wengi wapya. Niliwasimamisha mmoja mmoja. Salamu, habari za nyumbani, za mvua, tukamaliza zote pale. Mzee mmoja wa Kiislamu mwenye duka pale Voi alifurahi sana. "Ahsante mwanangu, maana nilikuwa sijui nimuamkie nani kwanza." Wakapanga mstari pamoja na makuruta wenzangu, wakaanza kupiga.

Na hapo ndipo akatokea Mzee Mwadime.

Nilimwendea kwenye mawe, nikanyoosha kitambaa. "Shikamoo mzee. Tusimame hapa."

"Marahaba. Nataka kuwasalimu wale vijana."

"Wanapiga, mzee. Ngoja bendera ishuke."

Akacheka, akanipita. Nikazunguka nikasimama mbele yake. Akaenda upande mwingine. Nikasimama tena mbele yake, na safari hii nilinyoosha mikono yote miwili kama mtu anayezuia mbuzi asiingie shambani.

Uso wake ukabadilika. "Wewe mtoto wa Mghanga, unanizuia mimi? Jina lako pale nani aliandika?"

"Ni wewe, mzee."

"Na sahihi ya mwisho ni ya nani?"

"Ni yako, mzee. Lakini huvuki."

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wote kwenye benchi walisikia. Akanyoosha mkono wake wa kulia, makusudi, anipime kama nitaushika na kulegea. Nikauacha hewani.

Wakuu, ule mkono nauona mpaka leo.

Aliushusha, akarekebisha kofia, akarudi alikotoka. Nyuma yangu risasi ziliendelea kama kawaida. Hakuna hata mmoja kwenye kamba aliyegeuka.

Jumatatu Sajini alinipa bunduki bila maneno. Nilipiga siku zilizobaki zote, na siku ya mwisho akaandika barua tano. Yangu ikiwemo. Ikabaki sahihi.

Nilipopanda Werugha, habari ilikuwa imeshanitangulia. Mama alikuwa anafunga ng'ombe, hata hakunigeukia. "Umemnyima mkono mzee aliyemzika baba yako?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza. Kisha akasema twende tukaombe msamaha, maana bila hivyo kazi imekwenda, na yeye hana uso wa kupita pale njiani.

Tulikwenda mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye matuta ya kabichi. Mzee Mwadime alikuwa barazani. Alimkaribisha mama kiti. Mimi hakuniambia keti.

Mama akanigusa mgongo. Sema.

Nikasema, "Mzee, nimekuja kuomba radhi kwa sauti niliyotumia. Haikuwa sauti ya kumwambia mtu kama wewe, tena mbele za watu. Nisamehe."

Akaitikia kwa kichwa, anangoja niendelee.

"Lakini kukusimamisha, kwa hilo siombi radhi. Jumamosi ile ya kwanza risasi ilikuwa ndani, mzee. Uliiona ikianguka. Ukija tena nitakusimamisha tena, na kama ndiyo naikosa kazi, basi niikose."

Mama alivuta pumzi kwa nguvu. Mimi nikaweka barua juu ya meza, nikarudi nyuma.

Mzee akalipapasa koti lake kifuani, sijui kama alijua anafanya hivyo. Akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Mke wangu aliniuliza kwa nini nilirudi nyumbani siku ile nikatapika," akasema. "Nilimwambia ni chakula cha hotelini."

Akaomba kalamu ndani. Akaweka sahihi.

Tulipoaga, nilimpa mkono, na safari hii wote wawili tulikuwa mikono mitupu. Hakuuachia upesi. "Siku nyingine nikisikia umeshika bunduki," akasema, "nitakusalimu nikiwa hapa hapa barazani kwangu."

Mama alicheka mpaka akashika nguzo.

Ile kazi nilifanya miaka sita. Ni ndefu kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Kisha nikafunga begi tena, na hizo ni habari nyingine za Isiolo na kwingineko.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiwa mgeni kwenye range, hatari kubwa mara nyingi si ujeuri. Ni uzuri wako. Ni kutaka kujibu unapoitwa, kutaka kumwonyesha rafiki, kutabasamu kwa ajili ya picha. Maliza uungwana wako wote kabla ya kushika chuma. Ukishashika, tazama tuta, na anayekuita akasirike akitaka. Kukasirika kutaisha, tena atakuwa bado hai akukasirikie.

Na nyinyi mnaowasindikiza watu range: msiwaite majina wakiwa kwenye mstari. Msiguse bega la mtu. Ngojeni.

Mpwa wangu, kama umefika hapa, ile picha ifute. Kisha nipigie.

Wengine, mnaokumbuka mlivyoshika bunduki mara ya kwanza, karibuni hapa chini. Nani alikushika mkono siku ile, na ulikuwa umekosea nini? Semeni ukweli, hapa hatuchekani. Isipokuwa Mwakio kama yumo humu; yeye ana ruhusa.