Firigisi ya Zama za Dunia Kupinduka

Bibi Mageni wa Nyarugusu alikuwa ametwanga mawe ya dhahabu mpaka viganja vikaota sugu, na kuku aliowapika hawana idadi, lakini firigisi hakuwahi kuionja. Firigisi huliwa na mzee wa kiume. Siku hiyo mzee alikuwa Sabiti, baba mkwe wa binti yake Ritha, aliyetoka Kambarage kuwasalimia.

"Leo tusiangalie ndevu," Bibi alisema, akivuta bakuli la firigisi katikati. "Aile aliyeishi zama mbaya kuliko zote."

Sabiti hakukataa, maana naye kwa uongo hajambo. "Mimi niliishi zama za majua mawili. Ukikamua ng'ombe, inatoka samli. Kivuli tulikuwa tunaazima kwa jirani."

"Hizo zilikuwa zama za raha, baba. Mimi niliishi dunia ilipopinduka. Wachimbaji wanaingia shimoni asubuhi, jioni wanadondoka kutoka mawinguni. Kila mke anatandika godoro uani kumpokea wake. Marehemu mume wangu aliangukia kwa jirani yetu Zipora mara tatu."

"Kwa bahati mbaya?"

"Godoro la Zipora lilikuwa la sufi."

Ritha alificha uso kwenye kanga. Sabiti alicheka mpaka kofia ikamvuka. "Sasa Mama Ritha, na dunia imepinduka hivyo, mlikuwa mnakulaje?"

"Haraka, kabla chakula hakijapaa. Ukikiona tu, unakidaka. Hivi."

Akaidaka firigisi, akaitia mdomoni, akafumba macho na kutafuna taratibu kabisa.