Chaki ya Muhogo

Leo sokoni Kasubi nimenusa muhogo mkavu, nikamkumbuka mwalimu wetu wa darasa la tatu. Ilikuwa miaka ya utawala wa kijeshi na chaki ilikuwa imeadimika, basi aliandika ubaoni kwa kipande cha muhogo, na kugawanya alitufundisha kwa vizibo vya soda.

Asubuhi moja askari wawili waliingia darasani. Mmoja alikuwa baba yangu. Mwalimu aliweka muhogo mezani, akajifuta unga kwenye suruali.

"Endeleeni na hesabu zilizobaki," alituambia.

Wakatoka naye. Tuliendelea.

Jioni baba alivua viatu, akala, kisha akaniuliza, "Hesabu ulimaliza?"

"Nilimaliza, baba."

"Leta nisahihishe."

Alizipitia moja moja, akitia vema kwa kalamu nyekundu. Nilipata zote.