Ekseli ya Jerop

Jerop alifundishwa kuendesha gari na baba yake, aliyekuwa dereva wa trekta kwenye shamba moja la zamani la walowezi karibu na Molo. Alipofika miaka arobaini na saba alikuwa mwanamke pekee kwenye kilima chao huko Kuresoi mwenye pikapu, na kazi yake ilikuwa kutoa viazi vya majirani shambani na kuvifikisha sokoni Molo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akikwambia saa mbili, saa mbili utamwona.

Mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imeshika, pikapu ilimwangusha. Alikuwa na magunia kumi nyuma, akipanda ule mwinuko wa kanisani kwa gia ya kwanza, aliposikia kishindo chini ya gari. Injini ikanguruma bure na gari likaanza kurudi nyuma. Kwenye tope lile breki hazikufaa kitu. Jerop akakata usukani, gari likaenda kuegemea ukuta wa udongo kando ya barabara. Akazima injini. Aliposhuka aliona mafuta meusi yakichuruzika kutoka kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalogawia magurudumu nguvu ya injini. Meno ya ndani yalikuwa yamesagika.

Gari lilivutwa hadi Nakuru, kwenye gereji ya fundi Kamande huko Free Area. Jerop alikwenda na mumewe, Naftaly. Kamande alikuwa amewatafutia ekseli mbili kuukuu, amezilaza juu ya magogo. Upana ulikuwa mmoja, na yoyote kati ya hizo ingeingia.

"Hii ni ya mbio, kama ile yenu iliyovunjika," alisema. "Hii ingine ni ya nguvu. Highway itawachelewesha, lakini mlima itapanda."

"Ya mbio," Naftaly alijibu papo hapo. Becky, ajenti wa karoti pale Molo, alikuwa amemwahidi kazi ya kupeleka mzigo Nairobi mara nne kwa wiki, mradi gari liwahi soko.

Jerop aliziangalia. "Fundi, mbona zinafanana? Nitajuaje?"

"Zungusha mwenyewe, mathe, uhesabu."

Kamande akachora alama za chaki kwenye dramu za breki. Jerop akachutama, akaanza kuzungusha pale inapofungwa propela, ule mhimili unaoleta nguvu kutoka mbele, huku fundi akihakikisha pande zote mbili zinakwenda pamoja. Kwa ekseli ya kwanza, ile ya mbio, alizungusha mara nne na kidogo, chaki ikarudi ilipoanzia. Kwa ya pili, ile ya nguvu, ilibidi azungushe mara nne na nusu na ushee.

"Hiyo nusu tu?" Naftaly akauliza.

"Hiyo nusu, boss, ndiyo injini inapumulia. Itazunguka mara mingi zaidi, lakini haitabeba uzito wote kwa mpigo. Sasa niambieni, gari mnapeleka wapi kila siku?"

"Nairobi," akasema Naftaly.

"Mlimani," akasema Jerop.

Walisema kwa pamoja. Kamande akafuta mikono, akaenda kutafuta chai.

"Mama Chelimo, tutazeeka na viazi vya watu?" Naftaly akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Baba Chelimo, gari lilinirudisha nyuma na mzigo. Wewe hukuwa ndani."

Naftaly akapangusa alama ya chaki kwa kidole. "Haya. Chukua hiyo yako."

Wakati wa kurudi nyumbani, malori yaliwapita moja baada ya lingine. Mshale wa mwendo ulionyesha kilomita tisini kwa saa, na Naftaly akasema mshale unadanganya. Alisema kweli: Kamande alikuwa amewaonya kwamba kwa ekseli ile tisini itakuwa themanini tu. Injini ililia hadi walipofika Molo.

Juma lililofuata Jerop alipakia magunia kumi, akapanda mwinuko wa kanisani kwa gia ya pili. Hakukanyaga klachi hata mara moja. Alipofika juu aligundua kwamba alikuwa ameuma mdomo muda wote.

Becky alitafuta gari lingine, lakini dereva hakuwa naye, akamchukua Naftaly. Siku hizi Naftaly huendesha mzigo wa karoti Nairobi na kurudi nyumbani Jumamosi, amechoka, lakini uso umetulia. Wawili hao hawajawahi kuulizana tena nani alikuwa sahihi. Jerop humkumbuka zaidi wakati wa kupakia, kwa sababu Naftaly alijua kupanga magunia yasicheze. Sasa huyapanga mwenyewe, polepole, huku majirani wakimshikia kamba.