Nilivyomaliza Umeme wa Ukweni

Jamani, hii habari sijawahi kuisimulia nikiwa nimeinua macho, na hata sasa nawaambia huku nimeinamisha kichwa, maana aibu niliyoipata siku ya posa yangu bado inanichoma nikiikumbuka.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Mjomba wangu, ambaye ndiye alikuwa mshenga, alikuja kwangu Kaloleni, mjini, asubuhi na pikapu yake ya petroli ili tupande wote kwa kina Neema, mchumba wangu, kule mlimani juu ya Tengeru, nami nikaikataa (mbele za watu, tena kwa kucheka), nikamwambia zama za kunusa petroli zimepita, tunaenda na gari langu la umeme, ambalo nilikuwa nimelinunua juzijuzi na kulitangaza mtaa mzima. Mjomba akaifunga pikapu yake, akaingia. Tukajazana na wazee wengine wawili na makreti ya soda, na kile kilima cha matope kikanywa chaji naona kwa macho yangu, hata tunafika taa nyekundu inawaka na mimi naifunika kwa kiganja ili mjomba asiione.

Basi wazee wakiwa wanapokelewa uani chini ya turubai, nikaona soketi barazani, ile wanayopigia pasi. Ningeomba ningepewa, lakini kuomba kungekuwa kukiri kwa mjomba. Nikachomeka, waya nikaufunika kwa kitenge kilichokuwa kimeanikwa pale (cha mama mkwe, Mungu anisamehe), nikaenda kukaa kwa adabu.

Shikamoo zikatolewa, sala ikasaliwa, chakula kikaliwa taratibu, ndipo mjomba akapewa kipaza sauti. Akasema, "Wazee wetu, sisi tumekuja kuomba," na hapohapo spika ikazima.

Tulidhani umeme umekatika, ila redio ya jirani ilikuwa inaimba tu. Mama Neema akashangaa, maana luku, ule umeme wa kulipia kabla, alijaza asubuhi kwa ajili ya wageni. Akaenda barazani kuangalia mita, akakuta uniti zimeisha zote, akakiona kitenge chake chini, akakiinua, akaufuata ule waya polepole mpaka kwenye gari langu, mashangazi wote wakimtazama. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Baba Neema, mzee asiye na maneno mengi, akauliza gari ni la nani. Nikasimama, nikasema ni langu.

"Binti mmekuja kumwomba," akasema. "Umeme mbona mmejichukulia?"

Mjomba akakitazama kipaza sauti mkononi mwake kama vile jibu limo humo. Neema alikuwa dirishani, akafunga pazia. Lile pazia liliniuma kuliko maneno ya baba yake, nikajua nimempoteza.

Tukaambiwa turudi siku nyingine, tukishajua kuomba. Na kwa kuwa chaji haikutosha kunifikisha mjini, baba Neema akatoa pikapu yake ya petroli, kuukuu iliyonizidi umri, wazee wakapanda, gari langu akalifunga kamba, akanivuta kupita soko la Tengeru siku ya soko, nimeshika usukani ndani ya suti, kina mama wa ndizi wananipungia mkono.

Mara ya pili tulienda na pikapu ya mjomba, na mlango nilimfungulia mwenyewe. Neema nilipewa. Gari la umeme bado ninalo na kwa mjini sina neno nalo, ila la petroli silicheki tena, na nikiwa ukweni hata simu sichaji bila kuomba. Na kila nikiomba, baba mkwe humwita kwanza mama akaangalie luku.