Kunde za Nasimiyu

Mama yake Sella aliitwa Nasimiyu, jina ambalo Wabukusu humpa msichana aliyezaliwa wakati wa kiangazi, na kunde zake zilikuwa na tabia ya jina hilo. Jua lilipomaliza mboga za majirani, kwake bado kulikuwa na majani ya kuchuma. Alipofariki, ndugu waligawana nguo na sufuria. Sella alirudi Kibera, kwenye chumba chake cha Kianda, na mkebe wa mbegu zilizochanganywa na majivu.

Alikuwa kibarua katika kituo cha kutafiti mimea, juu kidogo ya Kawangware. Kila asubuhi alimwagilia vyungu ndani ya banda la plastiki. Mtafiti wao, Daktari Kathini, aliposikia habari za kunde zile, alisimamisha kazi, akamwita Sella kwa jina la mwanawe.

"Mama Hope, na umenyamaza nazo tu? Zilete tuzijaribu. Zikifaulu zitaenda kwa wakulima, na zitabaki na jina la mama yako."

Sella alimpa karibu mkebe wote.

Mbegu ziliota, zikapangwa pamoja na kunde za kutoka kwingine. Safu ya kulia ilipata maji. Ya kushoto ilinyimwa. Kathini alieleza kwamba ndani ya mmea mna jeni zinazolala maji yakiwepo. Kiu ikibisha hodi, zinaamka na kuuamuru mmea ufunge vitundu vya majani, usipoteze unyevu. Siku ikifika, yeye angechuma majani ya safu ya kushoto na kupima ni jeni zipi zimeamka.

Sella alielewa. Lakini kuelewa ni jambo moja, na kupita na mtungi wa maji mbele ya chungu kilichoandikwa Nasimiyu ni jambo lingine. Majani yalilegea kama mikono ya mama yake siku zile za mwisho, alipokuwa akiomba maji na daktari amekataza.

"Hizo si wagonjwa, Mama Hope," Osewe, mbeba vyungu, alimtania. "Ukiendelea kuziangalia hivyo utazipikia uji!"

Alicheka naye. Osewe alipotoka, Sella aliinamisha mtungi juu ya chungu kile. Kidogo tu. Kesho yake tena kidogo.

Majani yalichumwa, yakapimwa. Kathini alirudi uso umemshuka.

"Pole, Mama Hope. Za kwako hazikuamka hata kidogo. Ni kama hazikuona kiu."

Hapo ndipo angesema. Lakini Osewe alikuwa amesimama pale pale. Akajibu tu, "Sawa, daktari."

Alipopata moyo wa kusema, mbegu za kwingine zilizofaulu zilikuwa zimeshapelekwa mashambani, na vyungu vya Nasimiyu vimemwagwa. Kathini hakumgombeza.

"Ulidhani nazitesa?"

"Sikuweza kuziangalia."

"Ungeniambia siku ile, tungerudia. Sasa jaribio limefungwa."

Mbegu chache zilizobaki mkebeni Sella alizipanda kwenye gunia la udongo mlangoni pake, Kianda. Zilipotoa majani ya kutosha, aliacha kuzimwagilia.

"We Mama Hope!" Mildred, jirani yake, alimwita akianua nguo. "Mboga inakauka na mtungi umejaa hapo! Hata kikombe kimoja?"

"Wacha zikae na kiu."

"Ai! Zimekukosea nini?"

Udongo ulipasuka. Majani yaligeuza kingo kuelekea jua, yakajikunja, yakatulia hivyo, mabichi. Siku zilipita, nayo hayakuanguka. Kila jioni Sella aliyagusa kwa kidole. Zilikuwa zimeamka, alijua, jeni zote zilizokuwa zimelala humo ndani. Ila hakuna mtu ambaye angekuja kuchuma majani yale ayapime.

Mwishowe aliinua mtungi, akayanywesha mpaka gunia likavuja.