Miguu ya Karani wa Tiketi

Abiria waliofika dirishani kwa karani wa tiketi, pale stesheni ya Kisumu, waliona mikono tu: mikono mitulivu, yenye kucha safi, ikigonga mhuri taratibu na kusukuma tiketi kwa vidole viwili. Sauti yake nayo ilikuwa ya chini, ya "Asante, Mama," na "Safari njema, Mzee." Selpha, mfagizi wa ofisi, ndiye aliyeiona miguu. Tangu karani, mkimbiaji wa Kenya, arudishwe pamoja na timu nzima kutoka Olimpiki ya Montreal kabla ya kukimbia, Julai ile ya 1976, miguu yake haikutulia chini ya meza. Visigino vilipanda na kushuka, kushoto, kulia, huku kiuno hakitikisiki.

Siku mbio zake zilipokimbiwa kule Montreal bila yeye, saa kumi na moja jioni, miguu iliongeza kasi mpaka meza ikalia.

"Bwana karani, unaumwa?" Selpha aliuliza.

"Hapana. New Zealand wanacheza raga na Makaburu, na bado Olimpiki imewakubali, huku kule Soweto watoto wanauawa. Mimi mwenyewe nilisema turudi," alijibu, akigonga mhuri. "Miguu ndiyo haijakubali. Nishikie, Mama, tafadhali."

Selpha akachuchumaa, akaikumbatia kwa nguvu zake zote. Ilikuwa baridi na migumu kama reli, na ikaendelea kukimbia mikononi mwake. Kisha ikasimama ghafla. Karani akainama, uso mkavu bila tone la jasho, akanong'ona, "Nimekuwa wa ngapi?"

Selpha alitaka kumwambia kwamba hakukimbia popote, lakini kiganja chake kilikuwa kimegusa soli za viatu, nazo zilikuwa za moto.